Kasi ya Jabbeke, Matuta ya Kibosho

Jaguar XK120 ilipozinduliwa London mwaka 1948, jina lake lilikuwa tangazo tosha: 120 ni maili kwa saa. Wengi waliguna. Kiwanda hakikubishana na mtu. Tarehe 30 Mei 1949 kililipeleka gari Jabbeke, Ubelgiji, kwenye barabara kuu iliyonyooka, kikalivua kioo cha mbele lisikamatwe na upepo, na dereva wa majaribio Ron Sutton akakanyaga mafuta mpaka saa zikasoma maili 132 na ushee, yaani kilomita 213 kwa saa. Mwaka ule hapakuwa na gari la kuuzwa dukani lililokimbia kuliko hilo.

Sasa lilete Moshi. Ukitoka mnara wa saa kuelekea Himo, kila penye nyumba kumi pana kibao cha 50, na nyuma ya mti wa pili yuko askari wa usalama barabarani na tochi yake. Ukipona na tochi, kuna matuta. Bingwa wa dunia wa 1949 atapitwa na Noah iliyojaza abiria na mikungu ya ndizi kwenye keria, na konda atatoa kichwa dirishani kuuliza kama unahitaji kusukumwa.

Kwa hiyo rekodi za magari ya spoti ya Kiingereza nimezipanga hapa kwa macho ya mtu wa Kilimanjaro, na mlimani kwetu mpangilio wake hupinduka. Raha ya kumiliki mkweche wa aina hiyo haimo kwenye spidi. Imo katika kulifungua, kulielewa na kufika nalo juu, na kwa kipimo hicho yale manyonge ndiyo yanayoshinda. Yenye majina makubwa nayataja kwanza kwa heshima ya umri tu.

Lenye kasi kuliko yote

Taji la Jabbeke lilibaki ndani ya ukoo. Machi 1961 Jaguar ikaifunua E-Type mjini Geneva, na waandishi wa magari walioijaribu wakaripoti maili 150 kwa saa, kilomita 241. Boneti yake ni ndefu kuliko subira ya dereva anayetafuta pa kuegesha sokoni Mbuyuni. Wapo wanaosema ndilo gari zuri kuliko yote yaliyowahi kuundwa, nami sina ubishi nao. Ila mwaka huohuo, usiku wa Uhuru wa tarehe 9 Desemba, Luteni Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera kileleni Kibo, mita 5,895. Kwa watu wa mlimani hiyo ndiyo rekodi ya 1961, na iliwekwa kwa miguu.

Waingereza wenyewe walikuja kuizika hesabu yote ya kasi tarehe 15 Oktoba 1997, Andy Green alipoendesha Thrust SSC katika jangwa la Black Rock, Nevada, kwa kilomita 1,228 kwa saa, akiipita sauti. Lina injini mbili za ndege ya kivita. Halina buti.

Ningepewa E-Type ya zawadi ningeiosha, ningepiga nayo picha, kisha ningeiuza ninunue magari mawili ya kupandia Marangu.

Adui mkubwa kuliko wote

Si kutu, ingawa kutu imeua MG nyingi kuliko ajali. Kwetu adui ni tuta. Uvungu wa gari la spoti la Kiingereza uko kama sentimita 12 kutoka ardhini, na hapo eksozi ndiyo inayoning'inia chini kuliko vyote. Tuta la barabara kuu walau lilichorwa na mhandisi. Tuta la barabara ya kijijini, lile ambalo wananchi wamelijenga wenyewe kwa udongo na mawe baada ya mtoto kugongwa, halina kipimo cha mtu yeyote, na halina sababu ya kumwonea huruma mwenye MG.

Namna ya kulivuka inajulikana kwa wote walioendesha magari ya chini. Unasimama kabisa. Abiria anashuka, kwani uzito wake pekee unatosha kuleta sentimita mbili za ugomvi. Unaingia kwa mshazari, tairi la mbele la kulia kwanza, halafu la kushoto, gari likijipinda kiunoni huku mbao za dashibodi zikilia. Kisha unasikiliza. Ukisikia mkwaruzo mfupi, umepona. Ukisikia mkwaruzo mrefu unaoishia kwa kishindo, mlio wa gari umebadilika na mji mzima utajua umefika. Abiria anapanda tena, mnakwenda mita mia mbili, mnarudia.

Wakati wa masika ndiyo balaa zaidi, maana maji yanayoshuka Kibosho na Uru huchimba makorongo katikati ya barabara za vumbi na kuacha mgongo wa udongo mwekundu kati ya njia mbili za matairi. Gari la juu halijui kama mgongo huo upo. Gari la spoti hulala juu yake tumbo, matairi yakizunguka hewani. Dawa ya mafundi ni mbili: springi zilizoongezwa kimo, na bati nene lililochomelewa chini ya sampu. Zote huharibu umbo alilolikusudia mchoraji wa Kiingereza, na zote ningezipendekeza bila aibu.

Ushindi mtamu kuliko wote

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakiwa sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Isome orodha ya washindi wa miaka hiyo ya zamani kutoka juu mpaka chini. Utakutana na Volkswagen, Mercedes, Peugeot, Datsun, Mitsubishi. Hutakutana na MG. Hutakutana na Jaguar, wala Triumph, wala Austin-Healey. Wakoloni walioandaa mashindano kwa heshima ya malkia wao waliona kombe likichukuliwa na magari ya Wajerumani, ya Wafaransa, kisha ya Wajapani. Uingereza iliokolewa na Ford zake tu, ambazo zilikuwa magari ya familia yaliyonolewa: Zephyr ya Vic Preston mwaka 1955, Cortina GT ya Peter Hughes mwaka 1964, halafu Escort za Hannu Mikkola mwaka 1972 na Björn Waldegård mwaka 1977. Mikkola alikuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Kabla yake kombe lilikuwa la wenyeji wanaojua tope.

Na tope lenyewe halikuwa la mchezo. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7. Mara zote mbili aliyetangulia ni Nick Nowicki na msomaji ramani wake Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo Tanzania nayo ilipata fahari yake: Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa mkazi wa nchi hii, alishinda mwaka 1966 na kurudia 1967 akiwa na Chris Rothwell, nao kwa Peugeot 404. Aliyeshinda mara nyingi kuliko wote katika enzi hizo ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda: mara 5, ya kwanza mwaka 1973, halafu nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa magari ya Kijapani.

Magari ya spoti ya Kiingereza yalikwama kwa sababu zilezile zinazoyakwamisha Kibosho. Yaliundwa kwa barabara za vijijini Uingereza, nyembamba lakini laini, zenye kona nyingi na mvua ya manyunyu. Peugeot 404 ilikuwa ndefu ya miguu na laini ya springi. MG ilikuwa na miguu ya mjusi.

Mwaka 2003, Safari ilipotimiza miaka 50, mashindano ya magari ya zamani yalianzishwa, East African Safari Classic, na kwa miaka kadhaa njia yake imeingia kaskazini mwa Tanzania. Yanaruhusu magari ya zamani tu, yanayoendeshwa na matairi mawili, na kwa siku tisa hivi hupigwa na vumbi la Taita, nyika na mawe. Mwaka 2017 aliyeshinda ni Carl Tundo wa Kenya na msomaji ramani Tim Jessop, na gari lao lilikuwa Triumph TR7 V8.

Anayejua habari za TR7 ataelewa kwa nini nimeuita mtamu ushindi huo. Gari hilo lilitoka mwaka 1975, umbo lake la kabari likachekwa, wapenzi wa Triumph wakanuna kwa sababu halikuwa na toleo la wazi mpaka miaka ilipopita. Lilikuwa likiundwa Speke, Liverpool, katika kiwanda kilichojaa migomo, na mwaka 1978 kiwanda hicho kikafungwa, kazi ikahamia kwingine. Mwaka 1981 likaachwa kabisa. Hata hivyo ndilo lililouzwa kuliko Triumph zote za ukoo wa TR, zaidi ya laki moja. Lile la mashindano liliwekewa injini ya Rover ya silinda nane, lita 3.5, ya aluminiamu, ambayo Waingereza waliinunua kwa Wamarekani wa Buick na kuitumia pia kwenye Range Rover. Kwa maneno mengine, chini ya boneti la gari la spoti lililochekwa kuliko yote mna roho ya gari la porini. Miaka 64 baada ya Safari ya kwanza, hilo ndilo lililovuka mstari mbele ya wengine.

Lililozaliwa kwa wingi, na namna linavyopanda mlima

Kati ya 1962 na 1980 kiwanda cha MG cha Abingdon, karibu na Oxford, kilitoa MGB zaidi ya nusu milioni ukijumlisha za wazi na zile za GT zenye paa. Wingi huo ndio utajiri wa mwenye nalo leo. Spea zake bado zinatengenezwa, na tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikikanda upya bodi nzima kwa mashine za zamani, kiasi kwamba mtu anaweza kuwa na MGB ya 1965 isiyobaki na bati hata moja la 1965. Zile za soko la Uingereza usukani uko kulia, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo hazihitaji kugeuzwa chochote.

Injini yake ni ya sisi 1,798 na nguvu farasi 95. Hizo 95 ni za usawa wa bahari. Moshi mjini, ambako si mbali na mita 900, tayari umeshaacha chache njiani. Ukifika lango la Marangu, karibu mita 1,900, hewa imepungua kwa kama sehemu moja ya tano, na farasi waliobaki ni kama 76. Toyota ya kisasa ina kompyuta inayohisi upungufu huo na kupunguza petroli. MGB ina kabureta mbili za SU, na kompyuta yake ni wewe.

Dalili huanza sauti ikiwa nzito, kisha harufu ya petroli isiyoungua. Ukifungua plagi moja utaikuta nyeusi ya masizi, kwa kuwa hewa imepungua na petroli haijapewa taarifa. Chini ya kila kabureta kuna nati ya shaba yenye pande sita. Unaipandisha juu bapa moja, pengine mbili, si zaidi, na kabureta ya pili vilevile. Halafu unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza hewa inavyofyonzwa: kwanza hii, halafu ile. Zikisema kwa sauti moja, umemaliza. Mwisho unafungua kifuniko cheusi cha juu, unatazama kama oili ya ndani bado ipo, unatia matone ya oili ileile ya injini. Kazi yote haizidi muda wa chai, na ndiyo raha ninayoisema. Hakuna gari jipya litakalokuruhusu kuuambia mlima kwa vidole vyako kwamba umeusikia.

Usisahau kuirudisha nati unaposhuka, la sivyo injini itapata petroli kidogo kuliko inavyohitaji na kuchemka. Kuchemka nako kuna hesabu yake mlimani. Maji ya Moshi mjini huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, ya Marangu getini kwenye 94. Mfuniko wa rejeta usioshika presha, ambao Dar es Salaam ungekuvumilia, huku utakuaibisha mbele ya wapagazi. Na unaposhuka kwenda Himo, shuka kwa gia ileile uliyopandia. Breki za 1965 hazikuahidi mtu kushika kilomita 15 za mteremko bila kupumzishwa.

Kasoro ya petroli ya leo ni nyingine. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, jambo jema kwa watoto wetu, ila viti vya valvu vya injini hizi vilitegemea risasi hiyo kama mto. Silinda hedi lazima ikachongwe na kuwekewa viti vigumu. Fundi mwenye mashine ya kuchonga hedi anaipata kazi hiyo rahisi, mradi umletee vipimo.

Hitilafu za umeme wa Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, wengi wameshaziimba. Mtu aliyeishi na mgao wa umeme hatashtuka. Ila MGB za kabla ya 1967 zina jambo la kumweleza fundi umeme kabla hajagusa chochote: kwenye bodi umefungwa waya wa chanya, si hasi. Akifunga redio kwa mazoea ataiunguza, na nyinyi wawili mtalaumiana mpaka jioni.

Rahisi kufunguka kuliko yote

Hapa ndipo ninapotoa kombe langu. Triumph Spitfire, 1962 hadi 1980, zaidi ya laki tatu ziliundwa, mchoraji wake Mwitaliano, Giovanni Michelotti. Haina jina kubwa. Bei yake siku zote imekuwa ya chini kuliko ya MGB, na wenye Jaguar huitazama kwa upole wa kuudhi. Lakini boneti lake halifunguki juu tu: uso wote wa gari, taa, madigadi na kila kitu, hulala mbele kwa bawaba mbili, na injini inabaki uchi pande zote. Fundi hukaa juu ya tairi la mbele, miguu ndani, kikombe chake cha uji pembeni, na hakuna nati asiyoifikia. Nionyeshe gari la siku hizi linalompa fundi kiti.

Halafu linageuka. Mduara wake ni wa mita saba na kidogo, jambo linalolifanya kuwa miongoni mwa magari yanayogeuka padogo kuliko mengi. Katika vijia vya kati ya vihamba, ambako ukuta wa masale uko kulia na mfongo wa maji kushoto, gari linalogeuka bila kurudi nyuma mara tano ni neema.

Lina hatari moja ya kweli. Ekseli ya nyuma ya zile za mwanzo hujikunja ndani ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona kali, na gari hutaka kwenda mbele kwa mgongo. Kona za kupanda Mamba na Kilema si mahali pa kujifunzia jambo hilo. Tafuta toleo la nne, la kuanzia 1970, ambalo walilirekebisha.

Kuhusu spana: boksi la fundi wa Moshi limejaa 10, 12, 14, 17 na 19, kwa sababu limekulia kwenye Toyota. Spitfire na MGB zinataka inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo 13 huingia na kulegea kidogo tu, lakini 13 ni namba ya magari ya Kijerumani na Toyota haiitumii, hivyo ndiyo inayokosekana kwenye boksi. Saba ya kumi na sita inakubali 11. Tisa ya kumi na sita ni ya fitina: 14 haiingii, 15 inateleza na kula kona za nati. Nunua seti ya inchi yako mwenyewe, iweke kwenye buti, na usimwazime mtu.

Ghali, la mbao, na lisilo na dereva

Gari la Kiingereza lililouzwa mnadani kwa bei ya kutisha ni Aston Martin DBR1 ya kwanza kuundwa, iliyopigwa nyundo California Agosti 2017 kwa dola milioni 22.55, kama shilingi bilioni 50 kwa kiwango cha wakati ule. Mtu wa kawaida hahitaji bilioni 50 ili auone uchungu. Tanzania huyatoza magari yaliyozidi umri ushuru wa ziada wa uchakavu, na Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka minane. Mkweche wa Kiingereza ulio tayari upande huu wa mpaka, hata kama umekuwa kiota cha kuku, una thamani ambayo mwenye kuku haijui.

Mkongwe wa kudumu ni Morgan wa Malvern, ambao 4/4 yao ilianza mwaka 1936, na mpaka leo chini ya bati la bodi zao mna fremu ya mbao za mti wa Ulaya unaopinda bila kuvunjika. Ni gari pekee la dukani ambalo likipata ajali unaweza kuanzia kwa fundi seremala. Nina hakika seremala wa hapa angelipendekezea mninga, na huenda angekuwa sahihi.

Zanzibar nayo ina rekodi yake, ingawa si ya gari la spoti. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alimiliki Rolls-Royce Silver Shadow ya 1974 bila kuwa na leseni ya udereva. Novemba 2022 gari hilo liliuzwa London kwa pauni 286,250. Sijui mmiliki mwingine aliyeipenda injini ya Kiingereza akiwa kwenye kiti cha nyuma tu.

Safari ndefu kuliko zote

Ya kwanza kukata bara hili kwa gari ilianzia kwetu, na haikuwa ya Mwingereza. Luteni Paul Graetz wa Ujerumani aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Waingereza walijibu kwa mapana zaidi: msafara wa Chaplin na Stella Court Treatt ulitoka Cape Town Septemba 1924 kwa malori mepesi mawili ya Crossley, ukapita Tanganyika, na kuingia Cairo Januari 1926. Miezi 16. Bibi huyo akaandika kitabu. Sehemu nyingi walilivuta gari kuliko gari lilivyowavuta, na bado wakaiita safari ya gari. Kila mwenye MG anawaelewa.

Kiti kizuri kuliko vyote

Ni cha abiria, gari wazi, asubuhi na mapema, lami ya Marangu kwenda Mwika na Rombo. Dereva hafaidi, ana kazi. Abiria ndiye anayeona Kibo kikimezwa taratibu nyuma ya Mawenzi kadiri mnavyosogea mashariki, mpaka yale meno ya mita 5,149 yanabaki peke yake mbele ya jua. Kwenye Land Cruiser mlima huonekana kwa vipande vya madirisha. Hapa hakuna paa la kuukata. Kahawa ikiwa imechanua baada ya mvua, harufu yake inakufikia kabla ya shamba lenyewe. Inafuata ya majani makavu ya migomba yanayoungua, na ukipita penye kilabu, ya mbege inayochacha. Mwendo wa kilomita 40 unatosha. Ukizidi hapo upepo unaichukua harufu, na hapo ndipo spidi ya Jabbeke inapokuwa hasara tupu.

Mvua ikija, MGB za mwanzo zinakutaka usimame, utoe fremu ya paa kwenye buti, uichomeke vipande, utandaze turubai, uvute vifungo kimoja kimoja. Mvua ya Kirua haisubiri hata kifungo cha pili.

Msururu mrefu kuliko yote

Oktoba 2024, majirani zetu wa Arusha walikusanya Land Rover kwa ajili ya tamasha, wakilenga kuivunja rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018 ya Land Rover 632 katika msafara mmoja. Walitaka zaidi ya elfu moja, na kwa mkoa ambao Land Rover za aina ya 109 na 110 bado hutoka kwenda Mererani kila siku zikiwa na wachimbaji juu ya paa, halikuwa ombi la ajabu. Land Rover si gari la spoti. Lilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, mwaka uleule wa XK120, na mkulima akiwa ndiye mteja. Ndugu hao wawili wa umri mmoja waligawana urithi: mmoja akachukua kasi, mwingine akachukua Afrika.

Lakini msururu mkubwa kuliko yote ya kanda hii haujawahi kuhesabiwa. Hutokea kila Desemba, Wachagga wanapotoka Dar kurudi nyumbani kwa Krismasi, kilomita 560 hivi kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo na Same, kila mmoja na gari alilolipata mwaka huo, lililooshwa Mwanga ili liingie likiwa linang'aa. Mafuta huadimika, nafasi ya kuegesha Marangu Mtoni huisha, na mzee mmoja wa kila ukoo hukaa barazani akihesabu nani kaja na nini. Kama watu wa Guinness wana nafasi, waje wasimame Njia Panda ya Himo tarehe 23 na daftari. Na katikati ya Prado zote hizo wakiona Spitfire imeegeshwa pembeni, uso umelala mbele na mtu kakaa juu ya tairi, waipe ukurasa wake. Wasimuulize kama imeharibika.